Fidla za Bei Nafuu

Ningemjibu mwenzangu hapana, ningekuwa mtu mwingine leo. Alinipigia simu asubuhi kutoka Naro Moru, ambako ana studio ndogo kama yangu, akaniuliza kama tutanunua pamoja, nami nikakubali kabla hajamaliza kueleza. Hakunishawishi. Ofa ile nilikuwa nimeingoja tangu mwaka uliotangulia.

Zilikuwa fidla za kompyuta. Sisi tunaorekodi kwaya katika vyumba vya kukodi hatuna mpiga fidla. Ungemtafuta kutoka Nyeri hadi Nanyuki usimpate. Kwa hiyo tunanunua programu yenye sauti za fidla halisi, zilizorekodiwa ng'ambo noti moja moja, tunazipiga kwa kinanda, na msikilizaji anadhani kuna watu thelathini wamekaa ukumbini. Programu nzuri ni ghali. Lakini wenyewe hushusha bei kwa siku chache halafu huipandisha tena, na anayejua kungoja hununua kwa bei ndogo. Mimi nilijua kungoja. Nilijisifu kwamba sijawahi kununua sauti hata moja kwa bei yake kamili. Ofa hii iliruhusu kompyuta mbili, ndiyo maana mwenzangu alinitafuta.

Nilizitaka kwa ajili ya mke wangu. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za akina mama kanisani kwetu, na watu waliotoka Endarasha kuja harusini Gatitu walimkumbuka kuliko bibi harusi. Kisha akapata uvimbe shingoni, ule unaoitwa rovu, na daktari akasema lazima utolewe. Akamwonya kwamba mshipa wa sauti uko karibu sana na mahali pa kukata, na kwamba anaweza kuamka na sauti nyingine. Mke wangu alirudi nyumbani, akamenya viazi, akaviweka motoni, ndipo akaniambia nimrekodi kabla hajaenda.

Aibu ni kwamba ilibidi aniombe. Nilikuwa nimerekodi kwaya za kila kanisa la karibu isipokuwa yeye. Wateja walikuja na kuondoka; yeye alikuwapo kila siku, nikaona hana haraka.

Tulirekodi Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku nyingine mashine ya kusaga unga ya jirani inatikisa ukuta hata ukibandika magodoro. Alisimama na kitambaa chake cha kichwani, akaimba nyimbo tatu peke yake, bila chombo chochote. Katika wa pili alikohoa, akaanza upya. Alipomaliza akauliza kama imeingia. Nikamwambia imeingia.

“Basi uiweke vizuri, mzee. Hiyo ndiyo nitabaki nayo.”

Akataka kuisikiliza papo hapo. Nikamkatalia. Nilimwambia sauti tupu ni kama ugali bila mboga, angoje niitengeneze.

Alipona vizuri. Kidonda kilifunga, akarudi shambani. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mkwaruzo, kama mtu anayenong'ona akiwa na mafua. Tuliambiwa tungoje, tukangoja, haikubadilika. Kanisani alianza kukaa kiti cha nyuma. Mara kwa mara aliniuliza nyimbo zake zimefika wapi, nami nikamjibu kwamba natafuta fidla zinazomfaa.

Siku ya ofa, mwenzangu alilipa, akazipakua Naro Moru kwa sababu mtandao wao ni wa kasi kuliko wangu, akateremka na diski yake mkononi. Alikuwa na kwaya iliyomsubiri huko, hata kuketi hakutaka. Tukachomeka diski, kompyuta ikakataa. Fidla zile zilikuwa kubwa mno, na mashine yangu ilikuwa imejaa kazi za miaka. Akachungulia orodha ya mafolda, akacheka.

“Mzee, hizi kazi za zamani unazifuga za nini? Hazizai.”

Nami nikacheka. Nikaanza kufuta. Mafolda yangu yote niliyapa tarehe tu, bila majina, kwa uvivu na kwa kiburi cha mtu anayeamini kichwa chake. Niliona tarehe, nikakumbuka kwaya iliyolipa na kuchukua kazi yake, nikafuta. Nikaona nyingine, nikafuta. Sikufungua hata moja kusikiliza. Nafasi ikapatikana, fidla zikaingia, mwenzangu akaondoka. Jioni nilizipiga peke yangu. Zilikuwa nzuri, siwezi kuzisingizia.

Kesho yake nikaketi kumwekea mke wangu fidla chini ya sauti yake, na sauti haikuwapo.

Niliipeleka kompyuta kwa fundi mjini Nyeri. Alijaribu siku nzima, akaniambia kwa upole kwamba kitu kilichofutwa huweza kurudishwa kama hakuna kilichoandikwa juu yake. Juu ya sauti ya mke wangu kulikuwa kumeandikwa fidla.

Wiki kadhaa niliendelea kumdanganya kwamba namalizia. Nilimwambia hatimaye jikoni, akiwa anachagua maharagwe. Hakuacha kuchagua.

“Zote tatu?”

“Zote.”

Akatupa kijiwe mlangoni. “Lakini fidla ulizipata kwa bei nzuri?”

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki au alitaka kweli kujua. Nilimjibu ndiyo, bei ilikuwa nzuri.

Nilizunguka nikiwauliza watu kama wana video zake kwenye simu. Nyingi zilikuwa za kwaya nzima, yeye akiwa mdomo mmoja kati ya thelathini. Moja tu, ya harusi, ilimwonyesha akianzisha wimbo kabla ya mshereheshaji kumwingilia, na nyuma yake jenereta inanguruma. Nilimpelekea. Aliisikiliza mara moja, akanirudishia simu, akasema jenereta inaimba vizuri kumshinda.

Hajanipigia kelele, wala hajanisema kwa watoto. Chai yangu iko mezani kila asubuhi. Studio hakanyagi, na redio ikianza nyimbo za kwaya anatoka nje kuangalia kuku. Mwenzangu bado ananitumia ofa. Siku hizi sizifungui.

Daktari alichukua sauti ya mke wangu ili aishi. Iliyobaki niliifuta mimi ili nipate fidla za bei nafuu. Hakuna rekodi nyingine yake akiimba peke yake, na hataimba tena. Wajukuu wetu wanamjua nyanya mwenye sauti ya mkwaruzo, na nikiwaambia alivyokuwa akiimba, wananisikiliza kwa adabu tu.