Mirathi ya Mtu Aliye Hai

Wakati ule wa utawala wa kijeshi nilikuwa wakili kijana, na nilikwisha kujifunza kumtilia shaka kila anayebisha hodi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka, Nakasero, karibu na soko. Wanaume wenye miwani myeusi walipenda kununua ndizi chini ya dirisha langu, wakasimama nazo bila kuzila. Wakili mwenzetu mmoja alichukuliwa mchana kweupe, joho lake bado mkononi. Hatukuuliza alipelekwa wapi.

Basi alipoingia yule mama, asubuhi ya mvua, kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa viatu vyake. Alisema ametembea kutoka Kibuli, lakini vilikuwa vikavu. Nikajiambia: huyu ameletwa na gari.

Alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Akaniwekea mezani barua ya mahakama. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, naye askari, alikuwa ameomba apewe usimamizi wa mirathi ya kaka yake marehemu. Mirathi yenyewe ilikuwa nyumba ya Kibuli ambamo mama huyu aliishi na wanawe.

"Pole kwa msiba, mama," nikasema.

Alimtazama karani wangu, aliyekuwa akipiga chapa. "Dada huyu anaweza kutoka kidogo?"

Karani akatoka. Mgeni akaniinamia.

"Bwana wakili, mume yangu hajakufa. Alipita bandari ya Port Bell, ndani ya behewa ya kahawa. Sasa iko Kisumu, ng'ambo ya mpaka."

Nilinyoosha mkono nikaongeza sauti ya redio. Askari aliyetoroka jeshi! Kama mama huyu alitumwa kunipima, basi maneno yale ndiyo hasa ambayo wale wa miwani wangempa aseme. Nikinyamaza, nimemficha mtoro. Nikisema, na kumbe mama ni mkweli, nimemuua mtu. Siku ya kuapishwa niliambiwa kwamba siri ya mteja ni ya mteja. Hakuna aliyenionya kwamba mteja mwenyewe anaweza kuwa mtego.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nitaambia nani? Nikikuficha, utaenda kusema uwongo kwa hakimu bila kujua." Akaitazama kalamu yangu. "Mbona hauandiki? Unaniogopa?"

"Viatu vyako ni vikavu, mama."

Alinikodolea macho, kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Nilibeba kwa mfuko. Nimenawa miguu kwa bomba ya chini. Nitaingiaje kwa wakili na matope?"

Niliona haya. Hata hivyo shaka haikuondoka.

Kesi yenyewe ilininyima raha. Ningesema mume yu hai, ningemsaliti. Ningekubali amekufa, ningeidanganya mahakama. Ningekaa kimya, mama angepoteza nyumba.

Kabla sijapata njia, shemeji alikuja ofisini, peke yake, amevaa sare.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Afande, wewe ndiye uliyeiambia mahakama kwamba amekufa."

"Mama ile amekuambia kitu."

"Alichoniambia mteja hakitoki humu."

"Hata kwa ndugu?"

"Hata kwa ndugu."

Alitazama rafu za majalada, moja baada ya nyingine, akaondoka bila kuaga. Karani aliponiuliza alitaka nini, nikamdanganya. Tangu siku hiyo nilianza kufunga mtoto wa meza kwa ufunguo, na dada yule, aliyefanya kazi nami kwa uaminifu miaka minne, aliona. Aliacha kunitengenezea chai.

Siku ya kesi nilisimama nikaomba jambo moja tu: anayedai kifo akithibitishe. Nikamgeukia shemeji yule. Kaka yake alifia wapi? Nani aliuona mwili? Kilichomuua ni nini?

Kwenye benchi la nyuma walikaa wanaume wawili ambao hakuna aliyewajua. Siku zile mtu aliweza kuuawa, lakini nani angethubutu kusimama aseme ni wapi, na kwa mkono wa nani? Askari alijipangusa uso.

"Sijui," akasema hatimaye.

Hakimu alilitupa ombi bila kuinua macho.

Nje, ukumbini, askari alinishika mkono wa koti. Lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi sitaki nyumba. Nilifikiri, kama kaka iko hai, mtu atapinga, atasema yuko hai. Sikuwa na njia ingine ya kuuliza." Macho yake yalilowa. "Sema ndiyo ama hapana. Basi."

Nilimtazama sana. Huenda alisema kweli. Huenda pia ule ulikuwa ujanja mkubwa kuliko wote. Wale wawili wa benchi la nyuma walikuwa wanashuka ngazi, polepole mno.

"Siwezi, afande."

Nilimweleza mteja wangu yote. "Hata mimi sijui kama analia kweli," akasema. "Usimwambie."

Sikumwambia. Mama alibaki katika nyumba yake. Utawala ule ulipoanguka, mumewe alirudi, amekonda, wakaja ofisini pamoja kunisalimu. Mdogo wake alikuwa amekimbia na jeshi kuelekea kaskazini, na hakuna aliyekuwa na habari zake.

"Ndugu yangu aliniulizia?" mwanamume yule akaniuliza.

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Mkewe akamgusa goti. Ndipo aliposimama akanipa mkono. Aliushika wangu kwa nguvu, muda mrefu, wala sikuweza kujua kama ananishukuru.