Ujumbe wa Majaribio Uliofika Gatitu

Hospitali ndogo ya binafsi niliyofanyia kazi ya ufundi wa kompyuta mjini Nyeri ilikuwa na kompyuta moja tu ya kuendesha mfumo wote, nayo ilikaa stoo, kando ya ndoo za kudekia. Ndani yake zilikuwamo seva mbili: moja ya majaribio, nyingine ya kazi yenyewe, ile iliyowatumia jamaa za wagonjwa ujumbe wa simu. Nilimwomba meneja tena na tena azitenganishe, kila moja iwe na kompyuta yake.

"Wewe unapenda kutisha watu," alinijibu.

Asubuhi moja alitaka kumwonyesha mgeni wa bodi jinsi mfumo unavyofanya kazi. Seva ya majaribio ilikataa kutuma chochote, maana nilikuwa nimeifunga makusudi. Basi akanakili mipangilio ya seva ya kazi, pamoja na namba za simu za watu, akaibandika kwenye majaribio. Akachagua namba iliyokuwa juu kabisa na ujumbe wa kwanza ulioonekana, ule wa kuarifu kifo, akabonyeza.

Mchana haujafika, mama mmoja wa Gatitu akaingia mapokezini, kila mguu na kiatu cha aina yake, dada yake amemshika kiuno.

"Nimekuja kuchukua mzee wangu," akaniambia. "Mmeniandikia ati ameaga. Ako wapi?"

Mzee wake alikuwa wadini akinywa uji. Nilimpeleka. Alipomwona aliketi sakafuni, akafunika uso kwa leso.

"Kwani nani amekufa?" mzee akauliza, kijiko mkononi.

Meneja akaja akitabasamu. "Pole, mama. Ni mtandao tu. Hizi mashine, unajua."

Mtandao! Mkono ule ule uliobonyeza sasa ulikuwa ukimpapasa mama begani. Mama akauondoa polepole, kama mtu anayeondoa kiwavi kwenye nguo.

"Nimeshapigia watoto simu," akasema. "Wanalia huko Othaya. Utawaambia wewe, ama niwaambie mimi?"

Meneja akakumbuka kwamba ana mkutano. Mimi na dada mtu tukawapigia mmoja mmoja. Kifungua mimba alikataa kuamini mpaka baba yake aliposhika simu akamgombeza.

Siku chache baadaye kompyuta ya pili ililetwa. Kwenye kikao meneja akaeleza kwamba alikuwa amelipigania wazo hilo kwa muda mrefu, na bodi ikampigia makofi. Alikuwa akinitazama usoni, bila hata kupepesa macho. Nilitoka nje nikatema mate kwenye nyasi, na kabla ya mwezi kwisha nikaacha kazi.