Kitambaa Kimoja kwa Vitovu vya Watoto Wote

Usiku ule nililala nikijisifu. Shule niliishia darasa la nne, lakini programu inayochunga vitanda vya joto vya watoto njiti pale zahanati niliiandika mwenyewe. Lugha yake ya kompyuta haibadilishi kitu kilichokwisha kuwekwa. Ukitaka kingine, unda kipya. Basi kila kitanda kilitoa jozi, namba yake na joto la mtoto. Jozi inafungwa kwenye kisanduku kipya ndani ya kumbukumbu ya mashine, inafunguliwa papo hapo, kisanduku kinatupwa. Upuuzi! Mashine ilikuwa inahema. Nikaichokonoa lugha yenyewe, kisanduku kikawa kimoja tu, kinajazwa tena na tena. Ikaenda mbio. Asubuhi sista aiwashe.

Ndipo ndotoni akaja marehemu Bibi, mkunga, aliyenilea. Alikuwa amekaa zahanati, sakafuni, na sakafu ni ile ya udongo ya kwake. Enzi zake, kila kitovu kilichodondoka alikifunga kwenye kitambaa chake, mama aje akizike. Sasa ana kitambaa kimoja. Anafungua, anakung'uta, anatia kingine, anafunga.

"Bibi, cha kwanza umekitupa?"

"Si umenifundisha wewe, mume wangu? Chapuchapu."

Mama mmoja ameshika ncha ya kitambaa kilekile, hajaiachia. Mwanawe yuko kitanda cha tatu. Bibi anamfungulia: ndani mna namba nne, joto zuri. Mama anashukuru, anatabasamu. Nyuma yake kitanda cha tatu kinapoa. Nagusa godoro, baridi kama jiwe la mtoni. Napiga kelele, sauti haitoki.

Bibi ananikazia macho.

"Nani kakwambia wamemaliza nacho?"

Nikazinduka, shuka limelowa. Kengele! Ile sehemu ya programu inayopiga kengele mtoto akipoa hukishika kisanduku, hungoja kidogo, ndipo hukisoma. Nikikijaza upya kabla haijasoma, mtoto wa tatu atapoa, kengele itaona joto la wa nne, itanyamaza.

Nikampigia sista wa zamu.

"Sista, ile mpya usiiwashe. Nimekosea."

"Wewe, mzee? Umekosea?"

"Mimi. Iache ya zamani. Itajikokota, lakini kila mtoto ana kisanduku chake."