Baba Aliyekataa Damu ya Binti Yake Ihesabiwe

Habari ya kifo chake ilinipata Jumanne asubuhi nikiwa Loitokitok, nimeketi kando ya lori lililokuwa likipakiwa nyanya. Binti yake ndiye aliyepiga simu. Alinisalimia kwanza, akaniuliza kama nimekunywa chai, ndipo akasema, "Baba alijilaza jana mchana baada ya kula, hakuamka." Sauti yake ilikuwa imetulia. Mimi niliona ajabu kwamba yeye ndiye anayeniambia, kwa sababu kuna wakati, katikati ya miaka ya tisini, ambapo mzee huyo alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayemzika binti huyo.

Mnaosoma safu hii mnajua sina makao. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimefanya kila kazi inayomruhusu mtu kuuliza maswali. Mwaka ule nilikuwa Kitengela nikichimba mashimo ya nguzo. Watu wa mjini walikuwa wameanza kununua ploti, na kila aliyenunua alitaka ua. Mzee huyo, mfugaji wa Kimaasai, aliniajiri nimzungushie waya upande mmoja wa boma lake. Binti yake alikuwa na miaka kama sita. Siku ya pili nilimwona akipita na ndama, mapaja na mikono imejaa madoa ya zambarau, kama mtu aliyepigwa vibaya. Niliamua palepale kwamba baba yake ni mkatili. Nikala chakula chake siku mbili bila kumtazama usoni, mpaka akaja kusimama juu ya shimo langu.

"Ero, kijana, umenuna nini?"

"Huyu mtoto anapigwa na nani?"

Hakukasirika. Alimwita msichana, akamwinua mguu mmoja mmoja anionyeshe. Kuanzia vifundoni hadi magotini kulikuwa na vidoti vyekundu, vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano.

"Na hii nimempiga na nini?" akaniuliza. "Si wewe ndiye unajua kila kitu? Niambie."

Wiki hiyohiyo pua ya mtoto ilianza kutoka damu asubuhi, na ng'ombe walipofika malishoni ilikuwa bado inatoka. Mama yake aliibana kwa kitambaa, tukapanda pikapu ya jirani hadi hospitali moja mjini Kajiado. Nilienda nao kwa sababu nilitaka kujua, na pia kwa sababu ya aibu.

Daktari, mama mmoja mpole kutoka Ukambani, alitueleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya damu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba mahali palipopasuka. Mwili wa mtoto huyu ulikuwa na kinga kama miili yote, lakini kinga hiyo ilikuwa imekosea ikaanza kuziharibu chembe zake yenyewe. Hakuna aliyemlaani, hakuna aliyemwambukiza.

Mzee akadakia, "Kwa hivyo ni kama mbwa wangu ameanza kuuma ndama wangu."

"Hivyo hivyo, mzee. Nitakupa vidonge vya kumtuliza huyo mbwa. Lakini lazima mje kila wiki tuhesabu hizo chembe."

Hapo ndipo palipoharibika. Wazee wa boma lile hawahesabu ng'ombe wao, na watoto ndio kabisa. Kutaja idadi ya ulichonacho ni kukialika kipungue. Mzee alichukua vidonge, akashukuru, na hakurudi. Mimi niliyekuwa nikihesabu mashimo yangu kila jioni nilimwambia huo ni ujinga. Akanijibu kwamba mimi sina ng'ombe wala mtoto, nitajuaje. Mkewe alimsihi, mzee akaondoka kufuata ng'ombe. Vidonge vikaisha. Asubuhi moja msichana alirudisha kikombe cha maziwa, na mabaki yaliyokuwa ndani yalikuwa ya waridi. Ufizi ulikuwa unavuja. Mzee alikitazama kikombe kile, kisha akambeba mtoto mgongoni, mtu mzima mwenye heshima zake, akatembea naye hadi barabarani.

"Watoto hawahesabiwi," alimwambia daktari kabla hata ya kuketi.

"Ng'ombe wako jioni unajuaje wamerudi wote?"

"Nasimama kwa lango. Nawaangalia. Kama kuna amekosa, naona."

"Basi na mimi nasimama kwa lango. Nambari nitaandika nikae nayo. Wewe nitakuambia tu kama wamerudi."

Mzee alinyoosha mkono wa mtoto mwenyewe.

Tangu siku hiyo wiki baada ya wiki alipewa majibu yake: wamerudi wachache, wamerudi nusu, leo boma limejaa. Vidonge vilimvimbisha msichana mashavu na kumpa njaa ya ajabu, na baba yake akawa anamtania kwamba atamaliza maziwa ya ndama. Muhula mzima alimfungia nyumbani asije akaanguka. Daktari alipomgombeza kwamba mtoto si yai, alimpeleka shuleni akiwa na barua ya daktari: asicheze michezo ya kugongana, asipewe dawa za maumivu za dukani, na asichapwe kamwe.

Mwalimu mkuu aliisoma akacheka. "Mzee, hii barua watoto wakiisikia, darasa lote litaugua."

"Basi usichape darasa lote."

Mwalimu wa darasa, nilisikia baadaye, aliona aibu kumruka mmoja na kuwachapa waliobaki. Fimbo ikawekwa juu ya kabati, na wale watoto walijifunza kusoma kama wengine. Nchi nzima ilikuja kuambiwa iache viboko miaka kadhaa baadaye.

Ugonjwa uliondoka, ukarudi, ukaondoka tena alipokuwa sekondari. Kitengela nayo ilijaa. Siku hizi kila kipande cha ardhi pale kina nambari, na waya niliozungusha umemezwa na maghorofa. Nimewahi kumcheka mzee kwa kuogopa hesabu, na bado nasema alikosea: bila hesabu ile binti yake angekufa. Lakini nimezunguka sana, nimeona hospitali, shule na ofisi zinazojua idadi ya watu wao hadi wa mwisho na hazimjui hata mmoja kwa sura. Daktari yule alihesabu, na mzee aliangalia. Kila jioni kwa miaka mingi aliinua miguu ya binti yake akaitazama kwenye mwanga wa jua la mwisho. Mtoto mgonjwa anahitaji wote wawili.

Tulimzika Ijumaa. Binti yake sasa ni mwalimu, na ni mjamzito. Daktari wake alikuwa amemwonya kwamba ujauzito unaweza kuurudisha ugonjwa, kwa hiyo alipimwa wiki iliyotangulia kifo. Baada ya mazishi nilimvuta kando nikamuuliza nambari ilikuwa ngapi. Mazoea yangu hayajaisha. Alitabasamu.

"Wamerudi wote," akasema. "Nilimwambia Baba Jumapili. Alisimama akaenda akafunga lango."