Ndoa ya Bibi Kabla ya Kanisa

Kosa langu la mwanzo katika kutafuta ukoo wetu lilikuwa kuamini kwamba ndoa huanza siku inapoandikwa.

Kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwa simu, chumbani kwangu Tangini: namna ya kuchora mti wa ukoo, namna ya kutumia kumbukumbu za ndoa kuwajua wazazi wa mababu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kisanduku kimoja kikibaki wazi kwenye mchoro, chakula hakipiti. Kwa hiyo katibu wa usharika mmoja wa Kisarawe aliponiruhusu kusoma kitabu cha ndoa cha zamani, nikawaona babu na bibi, baba zao na mashahidi wao, nusura nimkumbatie.

Tarehe ya ndoa ilikuwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa shangazi, mtoto wao wa kwanza. Nikafanya nilivyoona wataalamu wa mtandaoni wakifanya. Nilimchorea shangazi mstari wa nukta nukta na kuandika pembeni, “alizaliwa kabla ya ndoa.” Nikahangaika na rangi mpaka zikalingana, kisha nikautuma mchoro kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Shangazi alijitoa kwenye kundi.

Huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa masomoni. Nilimpigia, hakupokea. Baba ndiye aliyenifungua macho.

“Umemwita dada yangu mtoto wa nje, na wakwe zake wamo kundini wakisoma. Kamwone bibi yako.”

Nilimkuta bibi uani kwake Kisarawe, anamenya mihogo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huyo mke mwenzangu hakulishi?”

Nilimweleza yote. Kisu kikasimama.

“Hicho kitabu kimemtaja mshenga?”

“Hapana, bibi.”

“Mahari je? Mkaja aliopewa mama yangu kwa kunizaa?”

“Hakuna.”

“Basi hao wa kanisani walinikuta mke wa mtu siku nyingi.”

Akanisimulia. Babu alileta posa, wazee wakapokea mahari, naye bibi akasindikizwa kwa mumewe kwa ngoma. Shangazi alizaliwa nyumbani kwa baba yake, wala hakuna aliyenong'ona. Ubatizo ulikuja baadaye, na baada ya ubatizo mchungaji akaibariki ndoa yao. Shangazi alikuwepo kanisani siku hiyo, kashika maua ya mama yake, analia kwa sababu viatu vilimbana.

“Nitarekebisha mchoro leo leo,” nikasema.

“Nani kakuuliza mchoro? Mwanangu analia huko, wewe unawaza rangi! Nenda kwake mwenyewe. Na usiende mikono mitupu, chukua mihogo hii.”

Shangazi anaishi Soga. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayapanga upya, na alipofungua mlango yote yakapotea.

“Shikamoo, shangazi.”

Alinitazama kwanza. “Marahaba,” akasema, lakini hakusogea mlangoni.

“Nimekukosea. Bibi na babu walishaoana ulipozaliwa. Mimi ndiye sikujua, na sikuuliza.”

“Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote,” akasema taratibu. “Sijawahi kumsomea mtoto mbele ya wenzake alama asizostahili.”

Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo. Mwishowe akauliza, “Mama kasemaje?”

Nikamwambia habari za maua na viatu. Midomo yake ikacheza, akajizuia, akashindwa.

“Vilikuwa vya mtoto wa mchungaji! Mama alisema nivumilie mpaka amina, na yule mchungaji alikuwa na sala ndefu, we!” Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaupokea mfuko wa mihogo. “Ingia. Na hii mihogo utaipika wewe.”

Tulikula pamoja. Kabla sijaondoka alivaa miwani, akaukagua mchoro mpya kwenye simu yangu: posa na mahari kwanza, kwa maelezo ya bibi, kisha kubarikiwa kanisani, kwa kumbukumbu za usharika. Mstari wake sasa hauna nukta. Akaniambia nimrudishe kwenye kundi.

Bado nazipenda kumbukumbu za ndoa, na bado visanduku vitupu vinanisumbua. Ila siku hizi naanza kwa kuwauliza wenyewe walio hai, na situmi mchoro kwa yeyote kabla wao hawajausoma.