Ubani Kwenye Nyumba ya Buibui

Dada yangu aliponiambia nilete chetezo, nilipaswa kukataa. Badala yake nilikwenda jikoni nikatia makaa.

Yeye ni mkubwa wangu. Alikuwa amefika Mbagala kutoka Lindi kunisalimia, na kitu cha kwanza alichokiona sebuleni ni tangi la kioo juu ya meza ya cherehani ya marehemu mke wangu. Ndani mlikuwa na udongo, kifuu cha nazi kilichoinamishwa, na buibui mwenye manyoya, mpana kama kiganja.

"Wee! Hiki nini?"

"Buibui wa mjukuu wangu."

"Makubwa! Sie tunawafagia, nyie mnawajengea!"

Mjukuu huyo nilimlea mwenyewe tangu mdogo, na sasa anasomea wadudu chuoni. Tulikuwa na utani wetu wa babu na mjukuu: mie nikimwita mke mdogo, yeye akiniita mume kibogoyo. Buibui alimwokota Kigamboni, mahali mafundi waliokuwa wakichimba msingi walipotaka kumponda kwa sepetu. Alimfuga kwenye kopo la plastiki mpaka likawa dogo, ndipo tukamhamishia kwenye tangi. Mie nilishika kopo, yeye akamsukuma taratibu kwa brashi ya rangi.

"Mume wangu, ukimwangusha nakuacha leo leo."

"Niache, ila mahari yangu irudi."

Hakuanguka. Alizunguka kuta za kioo akipapasa kwa miguu ya mbele, kama mtu anayetafuta swichi umeme ukiwa umekatika, kisha akajibana pembeni.

"Bado mgeni huyo," mjukuu wangu akasema. "Usimfungulie, usimlishe. Dawa ya mbu wala moshi wowote usimkaribie. Akizoea, utaona ametanda utando mlangoni kwake."

Akaenda Morogoro kwa mafunzo ya vitendo, akaniachia kazi ya kunyunyiza maji upande mmoja wa udongo. Nilichungulia kila nilipoamka. Siku nilipoona utando mwembamba kwenye ukingo wa kifuu, nilimpigia simu kama mtu aliyepata kitukuu. Alicheka sana.

Ndipo dada akaja. Baada ya kumaliza kushangaa alishusha sauti.

"Mdogo wangu, majirani wanasemaje?"

Nilijua wanasemaje. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa ameacha kumtuma mwanawe kwangu kuomba barafu. Nilishasikia kwamba mzee yule ana kitu anakifuga ndani.

"Hata binadamu haingii nyumba mpya hivi hivi," dada akasema. "Fukiza. Wakisikia ubani watajua hapa hapana mambo ya giza."

Ningeweza kumjibu kwamba mwenye mnyama amekataza moshi. Neno hilo lilikuwa mdomoni. Lakini niliogopa zaidi kuzeeka nikiitwa mchawi, kuliko nilivyoogopa kukiuka agizo la mjukuu wangu. Niliweka chetezo kando ya tangi. Wavu wa juu niliuondoa mie mwenyewe, si dada, ili moshi uingie vizuri. Kisha nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa, harufu ifike barabarani.

Buibui alichomoka kifuuni. Alipanda kioo, akateleza, akapanda tena. Dada alisema, "Unaona anavyohangaika? Ubani unamjua." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Jioni alikuwa amelala chali, miguu imekunjwa kama vidole vya ngumi.

Mjukuu wangu aliporudi nilimwambia ni joto. Hakubisha. Alikiinua kile kifuu, akakinusa, akakirudisha polepole.

"Babu," alisema. Hakuniita mume. "Si ungeniambia tu."



Jirani amerudia kumtuma mtoto kuomba barafu. Mjukuu wangu amehamia kwa shoga yake Mikocheni. Siku za sikukuu huja, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniuliza kama dawa ninakunywa, akaondoka kabla ya chakula. Utani hakuna tena. Nililinda jina langu mtaani, nikampoteza mtu pekee niliyekuwa ninaishi naye.