Wavu wa Kahawa Usioonekana Ziwani

Usipa wa mdogo wangu, dagaa wale wa ziwani, haukuwa na mchanga. Kila lori la kazini kwetu lilipopanda kutoka ziwani alinitumia kifurushi. Nilikula, nikausifu kwa majirani, wala sikuwahi kumuuliza aliuanika wapi.

Wazazi wetu walitutoka tukiwa Maguu, mimi nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikachuma kahawa ya watu, yeye akasoma hadi kidato cha nne. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua na kuuza, nilipata kazi ya kutunza ghala la tajiri mmoja wa Mbinga mjini, aliyeuza kwa jumla kuanzia misumari hadi dawa za mibuni. Mdogo wangu aliolewa Liuli, kando ya ziwa. Huko alifungua duka dogo, akawa anaagiza mali kwetu.

Zamani oda zilikuja kwa mdomo wa dereva. Kisha simu za mkononi zikaanza kushika, na tajiri akanunua kompyuta yenye programu ya kupokea oda, akaajiri binti wa kupokea simu. Tulifurahi kwa muda mfupi. Bidhaa zilijipanga humo kwa jinsi zilivyoingia ghalani, hivyo mtu wa Mbamba Bay akiuliza betri, binti wa oda alishusha orodha, akashusha tena, mpaka vocha ya mteja ikaisha kabla betri hazijaonekana. Wengine walianza kununua Songea.

Tajiri akamwita tena kijana aliyeitengeneza programu, kutoka Dar es Salaam. Alikaa na mimi ghalani, jenereta ikinguruma nje.

"Dada, tukiandika herufi chache tu, kitu kitokee," alisema. "Na tuchuje kwa aina ya mteja, ili mtu asionyeshwe vitu visivyomhusu. Wateja wenu ni wa aina ngapi?"

"Mbili. Wa milimani na wa ziwani."

"Basi nikikutajia kitu, niambie ni cha nani."

Alitaja, nikajibu. Sabuni, kote. Ndoana, ziwani. Dawa ya mibuni, milimani. Nilikuwa najibu haraka, maana nilipenda kuulizwa na mtu anayeandika ninachosema.

"Wavu wa waya wa kuanikia kahawa?"

"Milimani," nilisema. "Watu wa ziwani wana mibuni gani?"

Tulicheka wote wawili.

Kazi ikawa nyepesi. Binti wa oda alichagua kundi la mteja, akaandika mwanzo wa jina, kitu kikaja. Tajiri alinisifu mbele ya watu. Mimi nikawaambia wenye maduka, mdogo wangu akiwa mmoja wao, waache kunisumbua ghalani, wampigie binti moja kwa moja.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia siku dereva aliponikuta napangusa vumbi kwenye mabunda ya ule wavu.

"Hizi mbona hamzishushi ziwani?" aliuliza. "Mdogo wako anazililia."

"Za nini? Ameanza kulima kahawa mchangani?"

"Za usipa. Ana kipande kimoja alichopewa na mtu wa huku, anaanikia juu yake. Sasa kina mama wenzake wote wanataka. Kuna mnunuzi wa Songea amewaahidi kuchukua mzigo wao, ila hataki mchanga hata punje. Mdogo wako ameagiza kwenu mpaka amechoka. Anaambiwa hakuna."

Nilikwenda ofisini na bunda moja begani. Binti wa oda hakuelewa nimekasirikia nini. Alichagua Ziwani, akaandika "wavu", zikaja nyavu za kuvulia, basi.

"Si unaona, dada? Hakuna."

"Chagua Milimani."

Akachagua. Wavu wa waya ukatokea pale pale, na idadi yake ilitosha ufuo mzima wa Liuli.

Nilipakia mabunda siku hiyo hiyo nikapanda lori. Tuliposhuka milima, dereva alijaribu kunichangamsha. "Usinune. Leo angalau umekuja kuona tunavyolima kahawa mchangani." Sikuweza kucheka. Nilikuwa nafikiria vifurushi vyote nilivyokula.

Mvua ilikuwa imetutangulia. Ufuoni wanawake walikuwa wakikusanya usipa kwa mikono kutoka kwenye mchanga uliolowa. Mdogo wangu aliniona, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mnunuzi yuko wapi?"

"Ameondoka asubuhi. Alishika konzi moja, akatafuna, akatema." Akaangalia mabunda kwenye lori. "Kumbe mmepata."

Ningeweza kuacha ibaki hivyo. Nikamwambia yalikuwepo tangu kiangazi, na kwamba mimi ndiye niliyesema si mali ya huku. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu nasi aliinua uso. "Basi nyie wa milimani mnadhani samaki wanaota wakiwa wakavu," alisema. Wenzake wakacheka, naye mwenyewe pia, na kicheko chao kiliniuma kuliko kama wangenitukana.

Usipa ule uliuzwa kwa mfuga kuku. Jioni mdogo wangu alipika kidogo tulichobakiza, tukala na ugali, mchanga ukilia menoni. Sikutema.

"Ningetuma mtu Songea kuutafuta wavu," mdogo wangu alisema. "Sikutuma. Niliposikia hakuna, niliamini, kwa kuwa wewe uko humo ndani."

Kijana wa Dar es Salaam alibadilisha programu nilipomwomba. Siku hizi kundi la mteja hutanguliza vitu vyake tu, halifichi vingine. Ukiandika "wavu" zinakuja zote. Wanawake wa Liuli walipata mnunuzi mwingine msimu uliofuata.

Lakini mdogo wangu, binti wa oda akimwambia kitu hakuna, hapingi. Anakata simu, kisha ananipigia mimi.

"Dada, umeangalia kwa macho?"

Nami naweka chini nilichoshika, natembea mpaka kwenye rafu, hata kitu chenyewe nikijua kimekwisha, ndipo namjibu.